Muhula Nilioshika Karatasi

Jirani yangu hapa Uyole akiona mwanawe anaharisha, huchuma majani ya mpera, huyaponda na kuyachemsha, na harufu yake hupita juu ya ukuta ikaja mpaka jikoni kwangu. Ni harufu ya kawaida, wengine wanaipenda. Mimi hufunga dirisha. Fimbo za Mwalimu Ndelwa zilikuwa za mpera, mbichi, zilizokatwa asubuhi ileile na wanafunzi waliochelewa kuhesabu namba mstarini, na zikishatua mara mbili tatu kwenye viganja, darasa zima lilinuka hivyo. Wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Tulichapwa wote, tukakua, na leo tukikutana tunacheka tukikumbushana nani alificha daftari ndani ya kaptula. Mimi hucheka nao. Lakini kuna muhula mmoja ambao sijawahi kuusimulia kwa kicheko, kwa sababu muhula huo fimbo ilikuwa ya mwalimu na jina lilikuwa linatoka kwangu.

Nilikuja Uyole nikitokea Madibira. Baba na mama walikuwa wameachana, na mama, ambaye alilima mpunga tangu akiwa msichana, akaamua kwamba sasa atauza mchele na kulima awaachie wengine. Tuliletwa na lori la magunia, tukashushwa kando ya barabara kuu asubuhi yenye ukungu mzito hadi nikadhani kuna kitu kinaungua. Sikuwa na sweta. Mama alinifunga kanga mbili kifuani ndani ya shati la shule, nikawa mnene juu na mwembamba chini, na ndivyo nilivyoingia darasa la tano.

Hata hivyo sikuponzwa na zile kanga, niliponzwa na ulimi. Nyumbani tuliongea Kihehe, na herufi ya "r" haikuwa na kazi yoyote vinywani mwetu. Siku ya kwanza nilinyanyuka nikasema, "Naomba luhusa, mwalimu," na darasa likaangua kicheko. Wengi wao makwao walisema vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wao walizaliwa kando ya lami na walishajifunza kuificha lafudhi hiyo.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa kiranja wa darasa, Tusekile. Mama yake alikuwa na mgahawa wa madereva wa malori, na Tusekile alikua akisikiliza watu wa kila mkoa, kwa hiyo "r" yake iliviringika kama ya mtangazaji wa redio. Alikuwa mrefu, soksi zake nyeupe, daftari zake zimejaladiwa kwa karatasi za kalenda. Kuanzia siku ile hakuniita Twilumba tena. Aliniita Luhusa, na darasa likamfuata.

Mwalimu Ndelwa hakukaa sana darasani. Aliandika kazi ubaoni, akampa kiranja karatasi, akaenda zake ofisini. Kiranja alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mlangoni, akaandika wapiga kelele. Mbele ya jina aliweka idadi, mara tatu, mara tano, na mwalimu akirudi hakuuliza swali. Alisoma, aliyetajwa akatoka mbele, akanyoosha mkono. Mara tano ilikuwa fimbo tano. Ruhusa ya kwenda chooni nayo ilikuwa ya kiranja.

Kule Madibira kiongozi niliyemfahamu ni yule mzee aliyefungua na kufunga maji ya mfereji, na watu wazima walimwamkia kwa unyenyekevu hata walipokuwa wamemkasirikia. Sasa nikamwona Tusekile pale mlangoni. Kwa akili ya miaka kumi na moja nikaunganisha, nikahitimisha kwamba kiongozi ni mtu anayekaa penye njia, akaamua nani apite. Sikuona ubaya wake. Nilichoona ni kwamba mimi sipo mahali pale na yeye yupo.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Tulikuwa tumekunywa uji wa saa nne, mimi vikombe viwili kwa sababu ya njaa na baridi, na mwalimu hakuwepo. Nilivumilia nilivyoweza, kisha nikaenda mlangoni. Nikasema naomba kutoka. Tusekile akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema sipewi mpaka nilitaje neno lenyewe vizuri. Darasa zima likawa linatutazama. Nikajaribu. "Luhusa." Akatikisa kichwa. Nikajaribu tena, ulimi unagonga palepale, machozi yananilenga, miguu nimeibana. Alikuwa akitabasamu, tena si kwa chuki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipolikumbuka baadaye. Kwake ulikuwa mchezo tu. Mara ya nne sikulimaliza neno. Nilihisi joto likishuka mguuni mpaka ndani ya kiatu.

Hawakucheka papo hapo. Mmoja alianza, na wengine wote wakafuata. Mwalimu aliporudi alikuta sakafu imelowa na jina langu limeandikwa: Twilumba, mara nne. Nilichapwa nikiwa na sketi mbichi.

Mama alipouliza, nilimwambia nimeteleza kwenye dimbwi. Jioni ile nilikwenda nyuma ya kibanda chetu cha mchele, mahali ambapo malori hubadilisha gia yakianza kupanda, nikasimama nikayaiga. Rrrr. Nilifanya hivyo kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka mate yakanikauka, mpaka mama akasema mtoto huyu ataugua koo. Sikuwa najifunza Kiswahili. Nilikuwa nanoa kisu.

Muhula mpya ulipoanza, Mwalimu Ndelwa alitangaza kwamba anabadilisha kiranja. Mimi nilishajiandaa. Nilikuwa nimempitia mtoto mmoja mmoja, njiani, kisimani, kwenye foleni ya uji, nikamwambia kila mmoja maneno yaleyale: mkinikubali, sitawaandika. Mwalimu akauliza nani anaweza kunyamazisha darasa hili. Nikasimama. Akanitazama kwa mshangao, akauliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu wapiga kelele wa darasa hili nawafahamu wote, mwalimu," nikasema, na kila "r" iliyotakiwa kuwepo siku ile ilikuwepo.

Akauliza darasa kama linanitaka. Likaitikia kwa sauti moja kwamba linanitaka. Akanikabidhi karatasi na kipande cha penseli. Nikaenda kukaa mlangoni, na Tusekile akahamia dawati langu la nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo.

Niliandika jina moja tu. Siku ya kwanza, Tusekile, mara tatu. Siku ya pili, mara tano. Alikuwa hajafungua mdomo. Alijaribu kumwambia mwalimu, na mwalimu akamwongeza mbili za ubishi, kwa hiyo hakujaribu tena. Wiki ya kwanza darasa lilifurahi mno. Walipiga kelele watakavyo, wakarushiana viatu, na mwisho wa kipindi alichapwa mtu mmoja ambaye kila mmoja alikuwa na kisa chake naye. Walinipenda. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile, hata siku ya harusi yangu.

Kisha kikatokea kitu nilichokielewa kinyume. Wiki ya tatu kelele zikapungua, wiki ya nne zikaisha kabisa. Nilidhani wananiheshimu. Leo najua kwamba walikuwa wamefikiri. Walikuwa wameona mtoto aliyenyamaza tuli akichapwa kila siku, na kila mmoja akatambua kwamba kunyamaza hakumwokoi mtu, kinachomwokoa ni mimi kumpenda. Basi wakaanza kunitunza. Wakaniletea mapera, mahindi ya kuchoma, karanga zilizofungwa kwenye pindo la sketi. Wakanifagilia zamu yangu. Msichana mmoja alinibebea ndoo mpaka nyumbani, na mama akamsifu kwa adabu. Mwalimu Ndelwa aliwaleta walimu wenzake wasimame dirishani wasikie ukimya. Akasema mbele yao, "Darasa hili sasa lina kiongozi," na mimi nikavimba kichwa.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Tusekile alininyima. Nilimsubiri aje kuomba ruhusa. Nilishapanga nitakavyokaa, nitakavyomtazama, nitakavyomlazimisha alitamke neno kwa lafudhi yangu ya zamani, "luhusa", mbele ya wote, na kisha nisimpe. Nilisubiri muhula mzima. Hakuja. Nikachunguza, nikagundua kwamba ameacha kunywa uji. Kengele ya saa nne ikilia sote tulikimbilia foleni na vikombe vyetu, yeye alibaki ameegemea ukuta wa jiko, mikono kwapani, midomo imepasuka kwa baridi na kiu. Asubuhi hakunywa, mchana hakunywa. Nilikasirika. Nilisema ana kiburi. Siku hiyo nikamwandika mara nane.

Ndiyo siku aliyovunjwa kidole. Fimbo ya saba ilipokuja alivuta mkono kidogo, si sana, na fimbo ikamkuta kidole cha kati kimebanwa kwenye ukingo wa meza. Hakulia. Alikitazama kile kidole kama kitu cha mtu mwingine. Mwalimu akasema arudi akae, ile ya nane amemsamehe. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni na penseli yangu. Ningependa kuandika hapa kwamba nilijuta. Nilichohisi ni hasira kwamba imebaki moja.

Jioni mama yake alikuja kwenye kibanda chetu. Alimleta Tusekile, mkono umefungwa kitambaa, umevimba. Hakuja kwa shari. Alimsalimia mama, akakaa juu ya gunia, akamwomba aniite. Akaniuliza kwa upole kabisa mtoto wake huwa anafanya nini darasani, kwa sababu nyumbani siku hizi haongei hata akisemeshwa.

"Anapiga kelele, mama," nikasema.

Nilisema hivyo nikimtazama Tusekile machoni. Mama yangu akadakia, akasema mwanawe hajui kusema uongo, na kama mtoto wa mtu ni mkorofi basi mzazi amrudi mwenyewe. Mama Tusekile akainuka. Akanunua mchele kilo mbili, akaondoka. Wiki hiyohiyo Tusekile akapelekwa Iringa kwa mama yake mdogo akasome huko. Mama yangu alifariki akiamini kwamba nilisema kweli.

Nilishika karatasi mpaka darasa la saba. Sikuhitaji kumwandika mtu mwingine sana, woga wa kwanza ulitosha. Nikamaliza, nikaenda sekondari, nikakaa mtaa wa Soweto, Mbeya mjini, miaka kadhaa, nikaolewa, nikarudi Uyole kuendeleza biashara ya mama. Katika maisha yangu nimeombwa mara nyingi niwe mwenyekiti: wa kikundi cha akina mama, wa soko, wa kwaya. Watu husema nina kipaji. Nimekataa mara zote na hawajui kwa nini. Najua ninavyoweza kunyamazisha chumba. Ninachojua zaidi ni utamu wake.

Mwanangu wa pili alipofika umri wa shule nilimwandikisha palepale nilipokuwa nimesoma. Na ni kwa sababu hiyo Mwalimu Ndelwa alinifuata. Alikuwa amestaafu, mvi kichwa kizima, mjukuu wake anasoma hapo, na wazazi walikuwa wanajiandaa kuchagua mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuja dukani, nikamwamkia, nikampa kiti na chai. Akaniambia anataka nafasi hiyo, na anahitaji mtu anayeheshimika asimame ampendekeze. Akasema amenifikiria mimi, kiranja wake bora kuliko wote.

Nikamuuliza kama anamkumbuka Tusekile. Akamkumbuka. Nikamuuliza kama alijua kwamba yule mtoto alikuwa kimya.

Akacheka, kicheko cha mzee anayekumbushwa ujanja wa ujanani. "Twilumba, mtoto mmoja atapigaje kelele peke yake muhula mzima? Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulimchapa?"

"Darasa lilihitaji mfano," akasema, akapuliza chai yake. "Unamchukua mmoja, hamsini wananyooka. Uongozi ndio huo. Na wewe uliujua mapema, bila kufundishwa."

Nilikuwa nimebeba lile jambo miaka yote kama dhambi yangu peke yangu. Nilidhani nilimdanganya. Kumbe mtu mzima, mwenye watoto wake, alikuwa anaisoma karatasi yangu kila siku akijua ni uongo, na akanyanyua mkono. Nilipatwa na chuki safi, ileile ya darasa la tano, kana kwamba haikuwa imelala hata siku moja. Nikamwongezea sukari. Nikamwambia, "Nitasimama, mwalimu." Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanibariki.

Wazazi walikutana katika darasa lilelile, hakukuwa na ukumbi. Tulikaa kwenye madawati, magoti yamegonga mbao. Mwalimu Ndelwa alivaa suti ya kijivu. Wakati watu wanaingia nilimwona mwanamke mrefu akikaa karibu na dirisha, nikamtambua kabla sijamwona mkono. Nilikuwa nimesikia kwamba Tusekile amerudi kutoka Iringa na anauza mbegu za viazi karibu na kituo cha utafiti. Sikuwahi kwenda huko. Sikumtumia ujumbe wowote kuhusu siku ile.

Mwendesha kikao alipouliza nani ana jina, nikasimama. Nikasema nasimama kwa ajili ya Mwalimu Ndelwa, kama nilivyomwahidi, na yeye akaitikia kwa kichwa. Kisha nikaeleza yote. Nilieleza kuhusu mlango na karatasi. Nikasema nilimwandika mtoto asiye na kosa kwa kisasi changu, siku baada ya siku, na mwalimu alijua. Nikayarudia maneno yake ya dukani, neno kwa neno, kwa sauti yake. Nikasema kuna mtu mle ndani ambaye kidole chake hakijanyooka mpaka leo, nikataja jina lake. Sikuharakisha. Nilimtazama mwalimu muda wote, nikaona suti ikimpwaya, akazidi kuwa mdogo ndani yake, na nilifurahi kwa kila inchi aliyopungua. Alijaribu kusema kwamba zamani mambo yalikuwa tofauti. Mzazi mmoja wa kiume, ambaye naye alisoma kwake, akamwambia akae chini. Akakaa. Baadaye kidogo akachukua kofia yake akatoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Wakamchagua mwanamke mwingine, muuguzi, mtu mpole. Wengi walikuja kunipa mkono. Wakasema nina ujasiri, wakasema huo ndio uongozi. Niliwaitikia, mwili umekuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo.

Tusekile alikuwa ananisubiri nje, kwenye geti. Tukasalimiana. Mkono alionipa ulikuwa wa kushoto.

"Umefurahi?" akaniuliza.

Sikuona sababu ya kumdanganya tena. Nikasema ndiyo.

"Nimekuona. Ulifurahi hivyohivyo siku ile kwenye mchele wa mama yako." Hakupandisha sauti. "Mimi hapa Uyole watu walikuwa hawajui kidole changu kimefanyaje. Nilikuwa nasema niliumia mashineni. Hujaniuliza kama nataka kutajwa."

Nikaanza kusema nilitaka ukweli ujulikane. Akanikatiza.

"Ulitaka kumlipa mwalimu, na umemlipa. Sawa, naye alistahili. Mimi na wewe bado."

Nikamuuliza lini. Akasema hajui, akishajua nitajua. Akamwita binti yake aliyekuwa akicheza kwenye mchanga, akamkung'uta sketi, wakashuka kuelekea barabarani.

Mvua za mwaka mzima zimepita tangu siku hiyo, na hajanifanyia kitu. Nikihitaji mbegu za viazi nanunua kwake, na anapima sawasawa. Tunaulizana hali za watoto. Mume wangu ananiambia nimwombe msamaha tumalize, tuwe watu wazima. Nimefikiri sana juu ya hilo. Tusekile ni mstaarabu, nikimwomba atalazimika kunisamehe, na nitakuwa nimemnyang'anya na uamuzi huo pia. Kwa hiyo simwombi. Kila ninapofika kwenye kibanda chake namwamkia, nasimama mbele yake mikono ikiwa wazi, nasubiri aamue.